Mwamini alipofumba macho

Leo nimeshindwa mabishano nyumbani kwangu hapa Kamembe, mpakani, na sauti yangu yote haikunisaidia.

Aliyenishinda ni mdogo wangu Mwamini. Bomu lilimziba masikio wakati wa vita, tukiwa bado Bukavu. Tangu hapo mimi ndiye ninayemsemea kila mahali. Mwezi huu nimeanza kujifunza lugha ya ishara.

Asubuhi akaniambia kwa mikono: kesho navuka mpaka kwenda Bukavu kuuza vitenge. Peke yangu.

Nikamjibu: hapana.

Akasema yeye ni mtu mzima.

Nikatafuta ishara ya "hatari", nikaikosea. Akanishika vidole, akavipanga vizuri, kisha akaendelea kunipinga!

Hapo nikawaka. Nikaanza kufoka kwa mdomo, mnanijua.

Mwamini akafumba macho.

Basi. Nikabaki nahutubia ukuta. Nyinyi mnaobishana nami humu kundini kila siku, hakuna aliyewahi kuniweza hivyo.

Mama yetu akacheka mpaka akaweka sahani chini, akaniambia: "Papa Idi, leo umepata muntu wa kukufunga kinywa!"

Nikakaa, nikangoja. Alipofumbua jicho moja, nikamwandikia kwenye simu: "Safari njema" inasemwaje?

Akanionyesha. Nikaikosea. Akanirudisha mwanzo, tena na tena, mpaka ikakaa sawa.

Haya, wabishi wenzangu, mtu akiwafumbia macho mnamjibu nini? Mimi nimebaki na ishara moja tu, na kesho alfajiri nitaitumia mlangoni.