Mama Ngari na Raketi ya Tano

Mjini Kitale, mtu akitaka kitanda kisicholia humwendea Rosaline Nyaruai, mamake Ngari. Akitaka raketi ya tenisi ya meza humwendea huyo huyo, ila hapo awe na subira, maana Mama Ngari hakupi raketi kabla hajakupa maoni yake.

Kazi hiyo aliianza kwa hasira. Miaka sita iliyopita alinunua raketi dukani ili acheze na akina mama wa kanisani, na tabaka zake zikaachana kabla ya Pasaka. Akachungulia ndani, akasonya. "Hata banda la kuku siwezi kujenga hivi." Tangu hapo anaunga zake mwenyewe: tabaka tano nyembamba za mbao, nyuzi za hii zikikata za ile, ili ubao usijipinde. Ya mtu mwingine akipewa, huilaza juu ya kidole kimoja, pale mpini unapokutana na uso, aone inaangukia wapi. Kisha huigonga na kutega sikio.

Mwezi wa nne klabu moja ya Bungoma ilimwalika akague raketi za wachezaji kabla ya mashindano. Mwenyekiti wake, nesi mcheshi aitwaye Nabwile, alikuwa amechoka kumsikia Mama Ngari akijisifu. Akabandua raba kwenye raketi tano, akaviringisha mipini yote kwa bandeji, halafu akamfunga mgeni wake macho kwa leso.

"Sasa tuambie, Mama Ngari. Bila kuangalia stika, bana."

"Leta. Mbao haina jina."

Ya kwanza akaipitisha. Ya pili akasema ni nyepesi kama ahadi ya uchaguzi. Ya tatu na ya nne zikapita, moja kwa kusukumwa. Ya tano ilipokaa kidoleni ikainamisha kichwa papo hapo. Akaigonga juu, ikasema ko. Akaigonga pembeni, ikasema ku.

"Ai! Hii nayo ni nini? Kichwa kizito kama cha mlevi. Na huku katikati wameunga vipande viwili vya miti tofauti, si mnasikia? Aliyetengeneza hii alikuwa anakimbilia chakula. Mwenye kucheza nayo lazima mkono unamuuma."

Mtu mmoja akacheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Leso ikatolewa. Nabwile akafungua bandeji pole pole, akifurahia kila mzunguko. Mwishoni mwa mpini palikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto: R.N.

Masikio ya Mama Ngari yakawaka moto. Akaikumbuka vizuri. Ilikuwa wiki ya harusi ya Ngari. Mbao ya saipresi ilipungua, naye akazibia kwa kipande cha mti mwingine kilichokuwa karibu.

"Ni ya nani?"

Chepngeno, mwalimu kutoka Cheptais, akainua mkono kama mwanafunzi aliyechelewa. "Ni yangu, Mama."

"Mkono haukuumi?"

"Unauma. Mwaka wa pili sasa. Nilidhani ni uzee."

"Uzee, na una miaka thelathini na nne! Si ungeniambia?"

"Ningeanzia wapi, Mama? Wewe ndiye unajua mbao."

Neno hilo lilimchoma kuliko vicheko vyote. Akasimama, akamgeukia Nabwile. "Andika hapo: raketi ya tano imeanguka. Fundi ni mimi." Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Nabwile, aliyekuwa amejiandalia kejeli za wiki nzima, akabaki hana hata moja ya kutumia.

Wiki tatu baadaye Mama Ngari alipanda mwenyewe hadi Cheptais na raketi mpya, katikati yake kipande kimoja kizima. Akamkuta Chepngeno shuleni, akamkabidhi.

"Sema kasoro yake. Sitoki hapa mpaka useme."

Chepngeno akaipima mkononi, akasita. "Mpini ni mnene kidogo."

Mama Ngari akatoa msasa kwenye mkoba, akaketi kwenye ngazi za ofisi ya walimu, akasugua.

"Sasa je?"

"Bado, Mama."

Akasugua tena, vumbi la mbao likamjaa kwenye sketi.

"Bado kidogo."

"Chepngeno, naona sasa umeanza kufurahia."

"Kidogo tu, Mama."