Bomba Lililoishia Darini

Mimi hakuna jambo la kunishangaza tena. Niliacha shule darasa la tano, nikachunga ng'ombe wa watu Handeni, nikauza mkaa, na leo duka la vifaa vya ujenzi lenye foleni kuliko yote pale Korogwe mjini ni langu. Fundi akinitajia geji ya bati kwa simu, najua kama ananidanganya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, mpaka nilipompelekea mama jiko.

Mama anaishi Kwashemshi, na mwezi wa saba kule mlimani baridi inauma. Kifua chake kibovu. Daktari alishasema moshi wa mafiga utammaliza. Nikanunua jiko la chuma la kuni, la kupasha joto nyumba nzima, pamoja na bomba lake la moshi. Kazi nikampa rafiki yangu, fundi wa Masuguru. Huyu tulibeba mizigo pamoja stendi ya Korogwe, tukalala mkeka mmoja. Nilimchorea mwenyewe: bomba lipande wima, litoboe dari, litoboe bati, lizidi kilele cha paa. Darini livishwe bomba la pili, katikati ijazwe pamba ya kuzuia joto, na lisisogelee mbao hata kwa shibiri.

"Bosi, mimi na wewe tena?" akasema.

Akanitumia picha, kofia ya bomba inang'aa juu ya paa. Wiki nzima nikawaonyesha wateja.

Mwezi wa saba nikapanda bila taarifa. Nilipoiona nyumba, kofia haikutoa hata uzi wa moshi. Moshi ulikuwa unavuja chini ya bati, pande zote. Nikajua inaungua. Nikakimbia.

Ndani mama alikaa mbele ya jiko, anachambua maharage, anakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hukusema unakuja?"

Nikachukua ngazi, nikapanda darini. Bomba lilikuwa limekatwa mkono mmoja tu juu ya dari. Kulizunguka, mahindi yamening'inizwa kwa maganda yake, meusi tii. Kile kipande cha kwenye picha kilishikizwa kwenye bati kwa waya, hakikuungana na kitu. Nikagusa mbao ya kenchi, ile inayobeba paa, iliyokuwa karibu, nikarudisha mkono haraka. Upande mmoja ilishaanza kuwa mkaa, na mkaa naujua.

Nilishuka nikatoa kuni zote nje kwa koleo.

"Mahindi bila moshi yanaliwa na dumuzi," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akate. Dawa ya dumuzi ya dukani siitaki kwenye mbegu yangu."

"Ungeungua, mama."

"Kwetu moshi ulikaa darini tangu sijaolewa. Aliungua nani?"

"Yale yalikuwa mafiga, moshi ukifika juu umeshapoa. Huu unatoka kwenye chuma, wa moto."

Akarudi kwenye maharage yake.

Nikampigia fundi. "Mama akiniamuru, nimkatalie kama nani?" akasema.

"Ungeniambia."

"Alisema ukijua utakuja na mdomo wako. Hata shemeji anajua."

Shemeji ni mke wangu. Nilipompigia akasema, "Ule unga wa ugali uliousifu ulitoka kwenye mahindi ya darini kwa mama."

Nimezoea adui anayenijia kwa mbele. Hawa watatu walinizunguka taratibu, kila mmoja ananipenda, huku mama yangu analala chini ya moto.

Yule fundi sikumwita tena. Nilileta mwingine, nikakaa naye juu ya paa siku mbili. Tukaikata mbao iliyoungua, tukapandisha bomba zima, kisha nikawasha majani mabichi ndani ya jiko na kupanda darini na tochi kutafuta moshi. Haukuwapo. Lakini mama alikataa kuniahidi kwamba halitakatwa tena, mpaka nilipomjengea uani kibanda cha kufukizia mahindi, mbali na anapolala. Jiko, bomba lililokatwa, bomba jipya, mbao na kibanda vilinigharimu shilingi milioni mbili, laki nne, elfu themanini na tano na mia tano.