Nilikwenda Bari Kukataa Posa

Nilifunga safari kwa sababu ya simu moja. Binti yangu Naserian, anayemtunza bibi kizee mmoja huko Bari, kusini mwa Italia, alinieleza kwamba amechumbiwa na kijana aitwaye Marin. Ni Mromani, akasema, wa kabila lisilo na nchi yake, lililotawanyika Ulaya nzima. Wazazi wake walihamia Italia kutoka Romania. Jirani yetu hapa Oldonyo Sambu, aliyewahi kusoma huko, alinionya kuwa hao ni wezi na hawana makao. Nikaamua mimi baba yake niende nikakatae mwenyewe, uso kwa uso.

Jumatatu alfajiri niliteremka Arusha mjini, nikapita Maji ya Chai hadi uwanja wa ndege. Nilibadili ndege Addis Ababa, nikashuka Roma, kisha nikakaa kwenye treni saa nne nzima. Miguu ilivimba, viatu vikabana. Hasira niliyotoka nayo nyumbani iliishia njiani, ukabaki uchovu mtupu. Kwenye stesheni ya Bari, Naserian aliniinamishia kichwa nimguse, kama tufanyavyo kwetu, akanichukulia begi.

Kesho yake mchana tulikwenda kwa kina Marin, pembeni mwa mji. Dereva wa teksi alitushusha mbali, akamwambia binti yangu niangalie sana mfuko wangu. Nilikuta nyumba za mbao na mabati, uwanja umefagiliwa. Mzee Ionel, baba yake Marin, alikuwa anagonga sufuria ya shaba, kazi aliyorithi kwa baba yake. Mkewe aliiona miguu yangu, akaleta kiti cha pili niinyooshe.

Naserian alitafsiri. Mzee Ionel alisema hata yeye hakuitaka ndoa hii. Wenyeji hawawaozi Waromani binti zao, na aliogopa mwanawe atadharauliwa ukweni. Kisha akauliza, "Kwenu wapo watu ambao wengine hawaoani nao?"

Habari hizi sikuwahi kumwambia Naserian. Ukoo wetu ni wa wahunzi. Zamani aliyenunua mkuki kwa babu yangu alijipaka mafuta mikononi kabla ya kuupokea, asipate nuksi. Na baba mkwe wangu alinikatalia binti yake miaka minne.

"Wapo," nilisema. "Ni sisi."

Naserian alinitazama kwanza, ndipo akatafsiri. Mzee Ionel alinimiminia kahawa. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeikubali posa, naye ameridhia.

Safari ya kurudi niliilala karibu yote. Nyumbani Mama Naserian alinipokea mzigo, akanipa uji. Nilimsimulia kila kitu, pamoja na aibu yangu: kwamba nilisafiri mbali kiasi kile kwenda kumtendea mwenzangu yale niliyotendewa mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yangu hakufika kwenu hata siku moja," alisema. "Wewe ulikwenda."