Hili Sijaiga

Kinyozi wa mtaani kwetu tulimwita Nakala, kwa sababu kila alichofanya mwimbaji wake kipenzi, naye alikifanya. Mwimbaji kanyoa denge, Nakala kanyoa denge. Mwimbaji kavaa viatu vyeupe, Nakala huyo, vyeupe mpaka kamba. Siku mwimbaji alipoteguka kifundo, Nakala alichechemea wiki nzima, tena mguu uleule! Kwa kuiga, jamani, hakuwa na mpinzani.

Ila alikuwa na lake la siri. Mara nyingine, katikati ya kunyoa, moyo ulimwenda mbio, pumzi ikakata, akaona kabisa anakufa. Hapo alizima mashine, akasema, "Imepata moto, ngoja ipoe," akajifungia stoo. Ndiyo maana kwetu ilikuwa kawaida kukutana na mtu mzima amenyolewa upande mmoja, anakunywa soda yake bila wasiwasi.

Alikwishapata miadi kliniki ya afya ya akili. Mara mbili alifika getini, mara mbili akageuza. Peke yake hawezi. Alitaka mkewe amsindikize, na mkewe hajui lolote.

Siku moja, akiwa anamnyoa mwalimu mkuu, redio ikamhoji mwimbaji yuleyule. "Nina ugonjwa wa akili," alisema. "Wiki nzima silali, naimba tu. Wiki nyingine sitoki kitandani. Natumia dawa, na sioni haya."

Nakala akazima mashine, akamwita mkewe, anayeshona nguo chumba cha pili.

"Mama Pacha, na mimi ninao."

"Una nini?"

"Ugonjwa wa akili."

Mkewe akamtazama, akaitazama redio, akaangua kicheko. "Baba wee! Hata huo? Si ungemwacha mwenzio augue kwanza!"

"Hili sijaiga!"

"Na kule kuchechemea?"

"Alichechemea vizuri sana, shemeji," mwalimu mkuu akachangia, shuka shingoni.

Machozi yakamlenga Nakala. "Yeye halali. Mimi nalala fofofo! Mimi moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, natafuta mlango."

Mkewe akavuta kiti. "Yeye hakusema moyo."

"Hakusema."

"Wala mlango."

"Wala."

Mwanamke huyu alimjua mumewe. Mtu wa kuchechemea mguu uleule hawezi kuiga ugonjwa akaukosea wote.

"Basi ni wako," alisema taratibu. "Pole, baba. Na ile mashine?"

"Haijawahi kupata moto."

"Na mimi nikakununulia feni ya kuipoza!"

Walicheka mpaka wakalia, wakasahau kabisa kwamba kuna kichwa cha mtu. Mwalimu mkuu akaenda kwenye kikao cha wazazi vilevile.

Asubuhi yake walitoka wawili. Getini, Nakala akaganda.

"Mama Pacha, moyo umeanza."

"Uache uanze," mkewe akamshika mkono. "Tunaingia nao."