Ree Tatu na Jogoo wa Mkwe

Wiki nzima sasa humu ndani hakuna anayenisemesha, kwa hiyo acha niwasemeshe nyie.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, hata aibu hunifuata hapa hapa barazani Majengo. Jumamosi nilicheza pokeri na Shija, mtani wangu Msukuma wa Kasansa. Tuliwekeana yai moja moja. Nilipopata ree tatu, Shija akaongeza jogoo wake. Ili nibaki mchezoni, ilibidi niweke wangu, wa mwisho bandani, aliyetunzwa na mke wangu kwa ajili ya baba yake anayekuja kutoka Inyonga.

"Tupa karata, mtani, upoteze yai tu," Shija akasema. "Karata zangu zote tano ni kopa."

Nani humwamini mtani? Akisema mvua inanyesha, wewe unaanika mahindi. Nikamweka jogoo. Akafunua: kopa tano kweli, na hizo hula ree tatu.

Anatoka na jogoo kwapani, mke wangu akawa anaingia na baba yake.

"Shikamoo mzee," Shija akamwambia. "Kitoweo chako hiki, mkweo kaliwa kwenye karata."

"Nyie watani!" mke wangu akacheka. Mzee naye akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha wakanigeukia, wakisubiri nijibu utani, wakakuta natazama sakafu.