Kona ya Utando

Mwekezaji yule alisifu mno. Alisifu sufuria zetu, akasifu kibanda chetu cha nyuma ya nyumba ya mama hapa Mtambile, akausifu na utando wenyewe, bila ya Mashaallah hata moja. Kwetu mtu akisifu hivyo, watoto huingizwa ndani wasipatwe na jicho baya. Mimi nilifunga kabati la utando.

Utando huo ndio kampuni yetu nzima. Mimi na mwenzangu, mwanamke wa Mgogoni niliyesoma naye kemia, tunapika mwani hadi unakuwa karatasi nyembamba, angavu kama ganda la kitunguu, ya kufungia vitu badala ya nailoni. Ukiutia majini unayeyuka. Tulikuwa tumeomba hataza, ule ulinzi wa sheria kwa mvumbuzi, na jibu lilikuwa bado. Mwenye maabara kubwa akipata kipande angeweza kujua tumechanganya nini, akatutangulia. Mwenzangu alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya kazi hii. Benki haziitaki kampuni changa kama yetu, na mwekezaji mwingine hatukuwa naye.

"Naomba kipande kidogo tu nikawaoneshe wenzangu," alisema yule bwana.

"Inshaallah, bwana, tukishatia saini," nikamjibu kwa adabu zote.

Tukamwonesha utando ukiyeyuka ndani ya beseni la maji ya kisima. Akafurahi, akaomba tena. Nikamkaribisha chai. Alipojifanya amesahau miwani kibandani, nilikwenda kumtafutia mwenyewe. Sikumwamini, na sioni haya kusema.

Basi mchana kutwa nalinda mlango, kumbe hatari iko jikoni. Mgeni kwetu hatoki mikono mitupu. Gari lilipokwisha ondoka nikamuuliza mama amempa nini.

"Halua. N'meifunga kwa ile nailoni yenu mloniachia jikoni. Si ndo kazi yake?"

Nikataka kupiga simu, mama akanikazia macho. Kumtaka mgeni arudishe zawadi! Afadhali ningemwambia mama auze nyumba. Nikakaa kizingitini nikiwa na hasira na kila mtu, mama akiwa wa kwanza, na nikajichukia kwa hilo.

Kabla ya magharibi dereva akarudi na utando umekunjwa vizuri.

"Bwana kasema huu wenu. Halua kaichukua."

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akanambia. "Nawe hata hujaumwa, bibie."

Nilicheka naye, nikashukuru Mungu, nikautandaza utando mezani tuukague. Kona moja haikuwepo. Ilikuwa imekatwa, na mkato umenyooka.

"Mama, ulitumia mkasi?"

"Mkasi wa n'ni? Miye nachana kwa mkono."

Na kweli, upande wa pili ulikuwa umechanika ovyo, kama anavyochana mama kila kitu. Mwenzangu akasema pengine kona ilinaswa na mlango wa gari. Mlango wa gari haukati hivyo. Lakini sauti yake ilikuwa imeshaingia woga, nami sikutaka kumwongezea, kwa hiyo nikaukunja utando, nikaurudisha kabatini.

Baada ya wiki chache yule bwana akapiga simu. Nikaiweka simu mezani, sauti juu, tusikie sote.

"Hongereni! Tumekubaliana, tunatia fedha."

Mwenzangu akainua mikono kuomba dua, machozi yanamtiririka. Na mimi moyo uliruka, siwezi kukataa. Nilianza hata kumtafutia yule bwana udhuru. Mwenyewe akaendelea kusifu kama kawaida yake.

"Na kilichotuvutia zaidi, kwenye maji ya bahari unachelewa sana kuyeyuka. Hilo litauzika."

Hilo tulilijua sisi wawili tu. Hatukuwa tumemwambia mgeni yeyote, na siku ile tulitumia maji ya kisima kwa makusudi.

"Ahsante sana, bwana," nikasema. "Kwenye hayo maji ya bahari mlitia utando gani?"

Mwenzangu alinitazama, mikono yake bado iko juu, kisha akaishusha taratibu na kuiweka mapajani.