Tochi ya Mama Aurelia

Saada, mzaliwa wa Nalasi, alikuja Songea kuolewa, akaja na bisibisi zake. Siku hizi meza yake iko Lizaboni, mbele ya duka la mumewe Abdul, na wenye redio na tochi mbovu wanamjua. Kazi anaipenda, ila tochi moja ilimtoa jasho.

Ilikuwa ya Mama Aurelia, mfugaji wa Matogoro. Ilitumia betri tatu za kawaida, mwanga wake hafifu. Saada akazitoa, akaweka betri moja ya kuchaji. Tochi ikawaka kweupe, na Mama Aurelia akaondoka anatabasamu.

Wiki iliyofuata akarudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tochi imenizimikia alfajiri, ng'ombe anazaa. Miguu ya ndama imeshatoka, mimi napapasa gizani."

Saada akaiweka bisibisi chini. "Ndama je?"

"Mzima. Jirani alikuja kunimulikia na simu. Lakini niliogopa kumpoteza."

Saada akaifungua tochi. Betri ilikuwa nzima. Taa ndiyo iliyoungua. Akaigeuza mkononi akiwaza. Zile betri za zamani zilitoa umeme kwa kusitasita, na udhaifu wake ndio uliokuwa ukiilinda taa. Hii mpya iliumwaga bila kizuizi, na taa ya LED haijui kukataa: hupokea unaokuja, hupata moto, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kupokea, hadi inaungua.

Akafunga taa nyingine, kisha kati yake na betri akachomelea rizista, kidude kidogo cha kubana umeme. Akapima kwa mita, akabadilisha rizista, akapima tena. Halafu akaiacha inawaka mezani mpaka adhuhuri, mara kwa mara akikigusa kichwa cha tochi. Kilikuwa vuguvugu tu.

"Mwanga umepungua kidogo, mama."

"Upungue tu, ilimradi usinikimbie."

Miezi ikapita, tochi haikurudi. Jumapili moja Saada na Abdul wakapanda Matogoro kusalimia. Wakakaribishwa viazi na maziwa ya mgando, wakaonyeshwa yule ndama, jike jekundu lisilotulia. Saada alipogeuka kuzungumza, ndama akakamata pindo la kanga yake, akaanza kulitafuna. Abdul akacheka mpaka akaketi chini. Saada akaivuta kanga taratibu, imelowa mate, akamkuna ndama kwenye paji la uso, na hakuwa na haraka ya kurudi mjini.